Mkono Juu ya Tumbo

Mdogo wangu ndiye aliyenipigia simu. "Kaka, daktari wangu amefariki. Tunamzika Alhamisi, Tengeru." Hakusema daktari yupi, nami sikuuliza. Tangu alipopigwa risasi na majambazi akitoka mnada wa ng'ombe, daktari wake ni mmoja tu. Nanyi wasomaji wa siku nyingi mnamfahamu, ingawa mlimfahamu kwa jina baya nililompa mimi.

Risasi ilimwingia mdogo wangu upande wa kulia wa tumbo, ikakwama kwenye nyama ya mgongo. Ukoo mzima ulifika hospitali kungoja apasuliwe. Daktari, mtu mzima mwembamba mwenye sauti ya chini, akatueleza kwamba mapigo ya moyo yametulia, tumbo ni laini, na picha inaonyesha ini limeguswa lakini utumbo haukutoboka. "Nikimpasua leo nitamwongezea jeraha la pili," alisema. "Tutamwangalia. Hali ikibadilika, chumba cha upasuaji kiko tayari." Akavuta stuli, akaketi kando ya kitanda. Kila baada ya muda aliweka kiganja juu ya tumbo, kila mara kiganja chake mwenyewe, akaminya taratibu na kuuliza, "Ni pale pale, au maumivu yamehama?" Shangazi yetu, aliyetoka Kimandolu na chupa ya mtori wa ndizi, aliambiwa mgonjwa haruhusiwi kula. Kwetu sisi, mgonjwa anayenyimwa mtori amekwisha kukatiwa tamaa. "Huyu anangoja mtoto wetu afe," alisema shangazi, nami nikamwamini.

Nikaandika hapa hapa gazetini juu ya "Daktari Tusubiri". Nilisema subira huvuta heri, lakini aliyetunga methali hiyo hakuwa na risasi tumboni. Mlicheka sana, na mimi nikavimba kichwa. Wiki iliyofuata mdogo wangu alitoka hospitali kwa miguu yake, bila mshono hata mmoja. Risasi imo mgongoni mpaka leo, anakwenda nayo mnadani. Makala ya kujisahihisha sikuiandika. Kila wiki nilipata jambo jingine la kusema.

Baada ya mazishi, muuguzi aliyefanya kazi na marehemu miaka mingi alinisogelea. "Wewe ndiye yule wa gazetini?" Nikakubali. Akanisimulia bila ukali kwamba, miezi michache baada ya makala yangu, aliletwa dereva wa bodaboda wa Sombetini, baba wa watoto wawili, mwenye jeraha kama la mdogo wangu. Mama yake alikuja na ukurasa wangu umekunjwa ndani ya kitenge. Hakutaka kusikia habari ya kusubiri. Akamhamishia mwanawe kwingine, akapasuliwa, na hawakukuta cha kushona. Makovu ya ndani yakauvuta utumbo, akarudishwa kupasuliwa mara mbili, na pikipiki hapandi tena. Nikamuuliza muuguzi, daktari mwenyewe alisemaje? "Alisema yule mama asilaumiwe," akajibu. "Alisoma gazeti."

Naona haya kuyaandika haya. Mji wetu humsifu anayeonekana kufanya kitu: anayebomoa, anayefukuza, anayekata. Anayeketi na kutazama kwa makini tunamwita mvivu, na sisi wenye kalamu ndio wa kwanza kumcheka, maana kisu kina habari na stuli haina. Ni kweli wapo wanaolazimika kupasuliwa mara moja, naye aliwapasua wengi. Kazi yake ilikuwa kujua nani ni nani, na kutoondoka mpaka ajue.

Nilikutana na daktari mara moja tu baada ya makala ile, sokoni Tengeru, akichagua maparachichi. "Shikamoo daktari." "Marahaba. Yule wangu wa mtori anakula siku hizi?" Akatabasamu, wala makala hakuitaja. Msamaha ulikuwa mdomoni mwangu. Nikajiambia si hapa katikati ya nyanya na maparachichi, nitatafuta siku ya heshima.

Basi sote wawili tulisubiri. Yeye alisubiri mkono ukiwa juu ya tumbo la mtu, tayari kuinuka wakati wowote. Mimi nilisubiri nikiwa nimegeuza uso, na kusubiri kwa namna hiyo ni kutelekeza. Muuguzi amenielekeza nyumba ya yule mama. Kesho asubuhi nakwenda Sombetini. Sijui kama atanifungulia mlango, lakini huyu sitangoja nimzike kwanza.