Kusimama na Mtakatifu Wako

Asubuhi hiyo niliacha jembe la watu chini ya mgomba huko Gikundamvura, nikaondoka. Sikuwa na mahali pa kwenda. Bwana niliyemlimia hakuniita, nami sikugeuka. Tangu nilipoacha shule nikiwa darasa la nne nimeondoka hivyo mara nyingi, nikijiambia kwamba nakwenda kuona. Siku ile hata kuona sikutaka. Nilitaka mahali pa kulala ambapo mtu angejua kwamba nimo.

Nilifika Gihundwe jua limeshapinduka, nikavutwa na kelele za uwanja wa kanisa. Sikukuu ya Watakatifu Wote ilikuwa imekaribia, na katekista alikuwa amewapanga watu kwa majina yao ya ubatizo. Wenye mtakatifu mmoja wasimame pamoja, wakubwa kwa wadogo, wasimulie maisha yake, kisha waende kula nyumbani kwa mmoja wao. Bibi asiye na meno alishikana mkono na mtoto wa chekechea, wakibishana kama mtakatifu wao alikatwa kichwa au alichomwa moto.

"Na weye, kijana, mutakatifu wako ni nani?" katekista akaniuliza.

Nikataja jina langu. Ni la Kifaransa, maana yake ni watakatifu wote. Uwanja ukacheka.

"Basi asimame kila pahali!"

"Akule kwa bote!"

"Wa bote hana kwabo," mwanamke mmoja akasema, na kicheko kikazidi.

Nilicheka nao. Lakini masista walionilea walishaniambia jina hilo lilivyopatikana: niliachwa mlangoni kwao siku ya sikukuu hiyo, wakatazama kalenda. Wenzangu walipewa mtu wa kuwaombea. Mimi nilipewa tarehe.

Nikazunguka kundi kwa kundi nikisikiliza, maana kutosikiliza siwezi. Aliyewahudumia wakoma, aliyeishi pangoni, aliyemkimbia baba tajiri. Kila nilipotaka kuuliza jambo, kundi lilikuwa limeshaanza kuondoka kwenda kula.

Penye ukuta alisimama mama mmoja muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, peke yake, karai miguuni. Mtakatifu wake ni yule anayeombwa vitu vikipotea.

"Kuya hapa," akaniambia. "Kundi ya muntu moja ni hii."

"Mimi si wa jina lako, Maman."

"Simama tu."

Nikasimama. Katekista akamwomba asimulie.

"Anatafuta," akasema. Tukangoja. "Ni hayo tu, Papa. Batoto bangu babili balivuka daraja ya mupaka wakati ya vita. Namuomba kila siku. Hajanirudishia hata kijiko."

Hakuna aliyecheka. Katekista alitazama chini, kisha akaliita kundi jingine.

Nilimbebea karai hadi kwake, nyumba ya udongo na bati nyuma ya hospitali. Tulikula ugali na sambaza zilizobaki. Nilikuwa na maswali mengi kuhusu wale wawili, na kwa mara ya kwanza maishani nikayameza. Baadaye alisogeza magunia ya makaa katika chumba cha pili, akafagia, akatandika mkeka.

"Usifikiri nimepata mutoto," akasema bila kunitazama. "Ni kulala tu."

"Ndiyo, Maman," nikajibu, nikavua viatu.