Daktari Aliyeogopa Dirisha

Daktari wa meno wa Malindi aliliogopa dirisha kama watu wanavyoogopa nyoka. Mbeyu, aliyevunjika jino la mbele arusi yake ikibisha hodi, alilala kitini kinywa wazi akimtazama: analivuta pazia, anarudi, analivuta tena.

“Dawa hii mpya ina rangi ya manjano ndani yake, binti,” alisema kwa sauti ya chini, vidole vikinuka spiriti. “Ikiona mwanga inaamka, inakuwa jiwe. Isiamke kabla sijaitengeneza.”

Akalifinyanga jino taratibu, akalielekezea taa yake ya buluu ya kuigandisha dawa. Stima ikapotea, taa ikazimika. Mbeyu akaihisi dawa, laini bado, ikianza kuteleza kuelekea ulimini.

“Usifumbe!”

Daktari akalirarua pazia, akakigeuza kiti kielekee jua la asubuhi, kisha akajibana ukutani asimtie kivuli.