Seloteipu ya Safari ya Milimani

Bosi wangu wa Muaither, mtaa wa huku ughaibuni ninakofanya kazi, alikuwa anaenda kurusha ndege ndogo juu ya milima yenye theluji, akaniachia kufunga vifaa vya kujiokoa ndege ikianguka. Theluji sikuwahi kuiona. Nilijifunza kwenye video. Kila kitu nilikizungushia seloteipu tabaka kwa tabaka, kama tunavyofunga maboksi ya kutuma nyumbani, nikarudia pale kona zilipopinda.

Mpishi, Mkenya mwenzangu, akacheka. “Wee dada, huu mzigo ni wa Kisumu ama wa milimani?”

Ili kuujaribu mzigo kwa baridi ya milimani, bosi alitumbukiza mikono kwenye ndoo ya barafu mpaka vidole vikafa ganzi, kisha akajaribu kufungua kiberiti nilichokifunga. Kucha ziliteleza tu juu ya seloteipu.

“Hapa nimeshakufa,” akasema taratibu.

Nilibandua seloteipu yote. Alirudi salama. Mimi bado naota vidole vile vikikwaruza.