Chuma Mbili, Chuma Tatu

Shuleni walimwita Mama Maabara, na wengi walishasahau kwamba ana jina lake la kuzaliwa. Hakuwa mwalimu. Kazi yake ilikuwa kuosha mirija ya majaribio, kupima kemikali kwenye mizani na kubandika majina kwenye chupa. Kwa miaka ishirini na miwili alisikia masomo yale yale, mpaka ikafika mahali mwalimu wa kemia akikwama, yeye ndiye anayemalizia sentensi huku mikono ikiwa kwenye povu.

Binti yake kitindamimba alisoma hapo hapo, na kemia ilimpiga chenga kweli kweli. Mama akawa anamfundisha nyumbani, wakiosha vyombo.

"Metali ina mkono mwepesi, inagawa elektroni zake," alimwambia. "Klorini ina njaa, inapokea. Wakishapeana, wanashikana. Hiyo ndiyo bondi ya ioni. Sodiamu na klorini, tunaita nini?"

"Kloridi ya sodiamu. Chumvi."

"Haya. Kaboni na oksijeni hawapeani, wote mabahili. Wanachangia elektroni. Hiyo ni bondi ya kovalenti. Kaboni moja, oksijeni mbili?"

"Dioksidi ya kaboni. Sasa mama, hiki chuma mbona kina majina mawili? Kinajificha polisi?"

Mama alicheka mpaka sahani ikamponyoka. "Kikitoa elektroni mbili, unaandika chuma mbili. Kikitoa tatu, chuma tatu. Ukitia haidroksidi ya sodiamu, chuma mbili kinakupa kijani, chuma tatu kinakupa rangi ya kutu. Usikariri. Andika unachokiona."

Binti alitaka kusomea ufamasia. Chuo kilidai alama ya juu ya kemia, na hapo hakukuwa na njia ya mkato.

Wiki moja kabla ya mtihani wa vitendo, mkuu wa shule alimkabidhi Mama Maabara bahasha ya siri yenye orodha ya kemikali za kuandaa. Chupa ya pili ilikuwa salfeti ya chuma mbili. Binti akanusa mambo.

"Mama, nitajie hata herufi ya kwanza."

"Mwanangu, niulize lolote. Hilo usiniulize."

Msichana alinuna siku mbili. Mama hakutetereka, lakini roho ilimuuma, asikwambie mtu. Maelekezo yalisema chupa ile iandaliwe asubuhi ya mtihani, yaani Jumatatu. Lakini asubuhi ya mtihani watahiniwa hupanga foleni dirishani, na binti yake angeona ni kopo gani mama ameshika. Basi akaandaa kila kitu Ijumaa mchana, akafunga maabara na kumpelekea mkuu ufunguo. Alirudi nyumbani akijiona mtu safi.

Na alijua, jamani. Aliyajua yale kuliko mwalimu. Chuma mbili kikiachwa ndani ya maji siku kadhaa, hewa inakinyang'anya elektroni moja zaidi, nacho kinakuwa chuma tatu. Siku hiyo akili ilikuwa kwa mwanawe, si kwenye chupa.

Jumatatu watahiniwa thelathini na tisa walitia haidroksidi kwenye mirija yao ili watambue kilichomo. Mwalimu wa kemia alitakiwa kuupima myeyusho ule mwenyewe na kutuma jibu lake pamoja na karatasi za wanafunzi. Alifanya uvivu, akanakili jina lililokuwa kwenye bahasha, na jibu hilo ndilo wasahihishaji wangelifuata. Mtihani ulipokwisha, Mama Maabara alikusanya mirija kwenye sinki, na yote ilikuwa na rangi ya kutu: walioandika walichokiona walikuwa wameandika chuma tatu.

Karatasi zilikuwa bado juu ya meza ya mkuu, hazijafungwa kwa lakiri; neno moja kwa mkuu lingetosha kurekebisha. Ofisi ilikuwa hatua thelathini kutoka kwenye sinki. Alisimama pale akiwaza: wakisikia ni mimi, na mwanangu ni mtahiniwa, nani ataamini ni bahati mbaya? Kazi itaota mbawa, na matokeo ya mtoto yatafutwa. Akafungua bomba. Aliosha mirija yote, mmoja mmoja, akaipanga ikauke.

Matokeo yalipotoka, binti alikosa chuo kwa daraja moja. Hakulia. Alikusanya madaftari yake ya kemia, akayafunga kamba.

"Mimi kichwa changu kizito, mama. Umenifundisha miaka minne, sikushika kitu."

Neno hilo ndilo lililomvunja. Angeweza kubeba mengine yote, lakini si mtoto yule kujiita mjinga kwa kuandika alichokiona. Akaketi sakafuni karibu naye, akamwambia yote, kuanzia Ijumaa mpaka bombani.

"Hukukosea, mwanangu. Ni mimi."

Binti aliyasukuma madaftari kando.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile. Karatasi zilikuwa bado mezani."

Mama alitarajia kelele, au mlango ubamizwe. Alikuwa tayari hata kutukanwa. Msichana alimtazama tu, kwa upole uliouma kuliko hasira.

"Na wenzangu thelathini na wanane, mama? Wao nani atawaambia?"

Miezi yote ile Mama Maabara alikuwa amemlilia mtoto mmoja tu.