Nilivyopinga kwa posta na faksi deni la salfa lililoandikwa kwa jina langu

Wakuu, salamu kutoka Newala. Haya yamenipata mimi mwenyewe. Nikiwa na uhakika nitasema, na nisipokuwa na uhakika nitasema pia, kwa sababu mpaka leo kuna mtu namshuku.

Mimi ni binti, nachapa na kutoa kopi kwenye kibaraza cha watu. Kompyuta nilijifunza mwenyewe. Nikapata fremu ya duka karibu na stendi, na mwenye nyumba akakubali kunisubiri mpaka msimu wa korosho uanze. Baada ya hapo angempangisha mnunuzi wa korosho yeyote mwenye hela.

Nikaenda benki Masasi kuomba mkopo.

Afisa akatazama kompyuta yake, akatabasamu. "Dada, una mkopo wa pembejeo hujamaliza kulipa."

Wakuu, mimi sijawahi kukopa hata chumvi.

Akanipa ripoti yangu. Akasema taarifa hizo zinatunzwa na taasisi ya taarifa za mikopo huko Dar, kama napinga niwaandikie. Nikaisoma palepale. Jina langu, Somoe Hamisi. Sanduku la posta langu. Tarehe na mwezi wa kuzaliwa, vyangu. Mwaka tu ndio ulikuwa tofauti.

Wa kwanza kumshuku alikuwa yule afisa. Alitabasamu mno.

Nikaandika barua ya kupinga. Niliichapa upya mara nyingi mpaka wino ukaisha, maana nikiona nukta imekaa vibaya silali. Nikaituma kwa rejista.

Kimya.

Nikamshuku karani wa posta. Nilikuwa naenda kununua stempu nisizozihitaji ili nimchungulie anavyopanga barua.

Nikarudi Masasi, kwenye ofisi moja iliyokuwa bado na faksi. Kijana wa pale akafuta vumbi kwanza. "Dada, hii nilijua imeshakufa. Unamwandikia nani, marehemu?"

"Tuma tu. Imefika?"

"Imelia. Ikilia imefika."

Sikumwamini. Nikalipia akatuma tena.

Kimya tena, na mikorosho ilikuwa imeshaanza kutoa maua. Nikapiga simu Dar. Dada mmoja akaniambia kwa upole kwamba wamenijibu kwa posta, na si mara moja.

Hapo nikajua kuna mtu anaiba barua zangu.

Niwaeleze kidogo. Kijijini kwetu, upande wa Mnyambe, karibu wote tunatumia sanduku la posta la shule ya msingi. Mwalimu akienda mjini anachukua barua, akirudi anagawa. Nikamfuata mpaka shuleni.

"Barua zako? Nilimpa mwenyewe," akasema.

"Mwenyewe nani, mwalimu?"

"Somoe Hamisi. Mama Zuhura."

Nilikaa chini kwenye kizingiti.

Kwetu mtoto hurithi jina la mkubwa wa ukoo, na wenye jina moja huitana somo. Mimi nilirithi jina la mama mkubwa, dada yake mama, aliyenilea. Na kwa kuwa baba hakuwepo, niliandikishwa shule kwa jina la babu, baba yao. Kwa hiyo kwenye karatasi sisi ni mtu mmoja. Lakini nani anamwita mkubwa kwa jina lake? Kwangu ni mama mkubwa, kwa kijiji kizima ni Mama Zuhura. Haikuwahi kunijia akilini.

Nikamkuta anamenya mihogo.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba, somo. Mbona umekuja na uso wa polisi?"

"Barua zangu ziko wapi?"

"Zako? Zimeandikwa Somoe Hamisi. Somoe ni wewe peke yako?" Akazitoa kwenye debe la mbegu. Hakufungua hata moja. "Nikajua ni wale wa salfa wananidai tena."

Kumbe alikopa salfa ya kupulizia mikorosho, kwa kampuni moja kati ya hizi zilizokuja tangu pembejeo ziachiwe watu binafsi. Enzi hizo vitambulisho vya taifa vilikuwa havijatufikia.

"Nililipa kwa korosho. Wakapima wenyewe, wakapakia, wakaondoka. Risiti wakasema wataleta."

"Na tarehe yangu ya kuzaliwa uliwapa ya nini?"

Akaacha kumenya. "Yangu siijui, somo. Karani wao aling'ang'ania tarehe, nikampa ninayoijua. Wewe kliniki nilikubeba mimi. Mwaka akakisia mwenyewe, kwa kuniangalia usoni."

Nilikuwa nimekuja kugombana. Nikashika kisu, nikamsaidia kumenya.

Nikazifungua, nikamsomea. Barua zote zilisema jambo moja: nithibitishe kwamba mimi si huyo mkopaji. Yaani nimtaje. Deni litoke kwangu, liende kwake, na yeye akitaka kukopa salfa tena aambiwe kama nilivyoambiwa mimi.

"Peleka," akasema. "Wewe una fremu inakusubiri. Mikorosho yangu hainiombi ripoti."

Nilichapa barua mbili. Yangu, kwamba si mimi. Yake, kwamba ni yeye na ameshalipa, akaweka dole gumba.

Yangu imekubaliwa, benki wakanipa mkopo, fremu nimepata. Yake wamejibu kwamba mkopeshaji athibitishe malipo. Mkopeshaji hayupo. Ofisi yake sasa ni saluni.

Nilichojifunza: omba ripoti yako kabla hujahitaji mkopo, na kama una somo, soma mpaka mwaka wa kuzaliwa. Lakini mimi bado namshuku yule karani wa salfa. Mtu anayekisia mwaka wa kuzaliwa wa mwenzake anaweza kukisia na deni lake.

Mliokopa salfa Newala au Tandahimba mkapimiwa korosho bila risiti, semeni hapa. Na kama kuna aliyewahi kupinga deni la kampuni iliyokwisha kufungwa akafanikiwa, anielekeze. Mama mkubwa bado yumo kwenye kompyuta yao, na mvua zikiisha atahitaji salfa.