Njumu za Mista Abeli Zaenda Guangzhou

Ilikuwa mwaka ule nazi zilipoadimika, Tanga nzima tukafuturu mihogo ya kuchemsha na chumvi. Mwanangu Salimu, anayenunua viatu Guangzhou, China, na kuvisafirisha nyumbani, akanipigia simu: "Mama, njoo na njumu za Mista Abeli. Ngozi inaoza. Huku watazitengenezea pacha, na nyingine za namna hiyo tutauza." Nikakubali.

Siku ya kuondoka nilizifunga ndani ya kanga mbili, nikazipakata kwenye ndege. Mhudumu alitaka kuziweka juu. Nikamtazama tu, akaenda zake.

Guangzhou nilifika asubuhi. Alinipokea binti yake Salimu, mjukuu wangu Zuhura, anayesomea udaktari huko na kuzungumza Kichina kama kazaliwa nacho. Jueni hivyo, mimi darasa la nne sikumaliza.

Siku ya pili Salimu akatupeleka Zhanxi, kwenye soko la viatu. Mikokoteni ya maboksi inakugonga kisiginoni, hakuna anayesema samahani. Fundi mwenye duka, wanayemwita laoban, alizigeuza zile njumu akauliza ni za nani.

"Za Mista Abeli, beki wa kushoto, Mwingereza," nikasema, Zuhura akitafsiri. "Alianza kuchimba makaa ya mawe bado mtoto. Mpira ukamtoa shimoni. Akacheza miaka mingi timu moja, na goli alifunga moja tu, tena langoni kwake. Pua ikavunjwa, goti likafa. Ndipo akaja Tanga kutengeneza mashine za mkonge, jioni anawafundisha vijana wetu kukaba. Alipoondoka alimwachia mume wangu njumu hizi. Mume wangu naye akawa beki, naye hakufunga."

Laoban akacheka. "Mabeki gani hao!"

"Mwambie akawaulize washambuliaji."

Kisha laoban akachukua kisu. Zuhura akanieleza: kupata kiolezo lazima kiatu kimoja kichanwe, kila kipande kilazwe juu ya karatasi. Sasa, soli ya kushoto imelika upande kwa mguu wa Mista Abeli, na ndani dole gumba la mume wangu limeacha shimo. Nikauliza, hayo yatakuwemo kwenye pacha? Laoban akatikisa kichwa. Vipya hutoka vimenyooka.

"Hakichanwi hata kimoja, na mimi nipo."

"Mama, wenye maduka nyumbani wanasubiri," Salimu akasema. "Nimeshaahidi."

"Ungeahidi miguu yako."

Siku ya nne nikarudi Tanga na njumu zangu mapajani. Nilichojifunza ni hiki: Wachina watakutengenezea kiatu chochote, ila kile kilichokwisha kuvaliwa.

Juzi Salimu kapiga tena. "Mama, nitumie cha kulia peke yake. Fundi atakichana, atakishona, wala hutajua."

"Hakichanwi hata kimoja, na mimi nipo."