Baraza ya Baba Mkwe na Mashine ya Kukereza

Nilipooa katika mtaa wa Mkomani nilihamia nyumbani kwa mke wangu, kama ilivyo desturi ya mji. Nyumba hupewa binti; mume huja na nguo zake. Mimi nilikuja kutoka kisiwa cha Pate na nguo, jiliwa moja la kubania chuma na mfuko wa tupa, maana kazi yangu ni chuma. Baba mkwe alinipokea akiwa ameketi kwenye baraza yake ya mawe, pale mlangoni. Akaniambia, "Karibu, Bwana. Nyumba hini ni ya binti yangu, nawe karibu." Hakuwa na nia mbaya, Mungu amrehemu, lakini neno lile lilinikaa rohoni. Husemwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nililishika miaka minane, na bado kila nilipotaka kupigilia msumari ukutani niliomba ruhusa.

Hiyo ilikuwa miaka ya sitini, mota zilipoanza kuzoeleka kwenye mashua zetu. Shafti ikikatika ilipelekwa Mombasa, na mwenye mashua akangoja mwezi mzima. Waliochoka kungoja walikuja kwangu. Nilizichonga kwa tupa, siku nne kwa kazi ambayo mashine ingeimaliza kabla ya adhuhuri, na hata hivyo hazikutoka duara sawasawa. Mke wangu alikuwa akinikanda vidole kwa mafuta ya nazi huku akinitania, "Weye wala chuma, ama chuma chala weye?"

Ndipo nikapata habari ya karakana moja Mombasa iliyokuwa ikifungwa. Nilikwenda kuitazama mashine yenyewe, ya kukereza chuma, yaani kukizungusha huku kisu kikikichonga duara, ya kukanyaga kwa mguu kama cherehani, maana nyumbani kwetu umeme haukuwako. Nilikizungusha kichwa chake kwa mkono nikitega sikio. Nilipitisha ukucha juu ya reli zake, nikitafuta mikwaruzo. Nikaichukua pamoja na mashine ndogo ya kutobolea, jiwe la kunolea na debe la visu vya kukerezea. Nilifurahi kama mtoto wa siku ya Idi, na sioni haya kusema.

Njia nilikuwa nimeshaipima kabla sijasafiri. Mwingine angepima kwa futi. Mimi nilipima kwa punda. Mjini kwetu njia hutosha ikiwa punda apita na shogi zake mbili, yale makanda ya mizigo ya ubavuni. Basi nilimjaza punda mawe kulia na kushoto, nikamswaga kutoka gatini hadi ndani ya mlango wetu, na shogi hazikugusa ukuta hata mara moja. Nikajiona bingwa. Haikunipitikia kwamba punda hupinda mgongo anapokata kona, na chuma hakipindi.

Mashine ilikuja kwa chombo cha mizigo, imefunguliwa vipande, imepakwa grisi na kufungwa magunia isiliwe na chumvi. Vipande vidogo viliingia vyote bila taabu. Ukabaki mgongo wake, chuma kimoja kilichomiminwa, kirefu kuliko mimi. Wachukuzi sita waliubeba hadi mlangoni, na hapo ukakataa kugeuka. Huku ukuta wa jirani, huku baraza ya baba mkwe. Tukausimamisha, ukagota mbao ya juu ya mlango. Tukaugeuza, ukatokea pale pale ulipokuwa. Wachukuzi walipoanza kunitukana kwa adabu, tukaulaza njiani.

Ulilala pale siku mbili. Waendao msikitini waliuruka, wenye punda walirudi nyuma wakilaani, na bibi mmoja wa jirani akaniuliza kama nimenunua mzinga niipige ngome.

Dawa niliijua tangu mwanzo: kuivunja baraza. Lakini baba mkwe alikuwa ameaga dunia miaka miwili tu kabla ya hapo. Pale ndipo alipokaa kila baada ya alasiri, na chokaa ilikuwa iking'aa mahali alipozoea kukaa. Mke wangu hakupita mlango ule bila kupagusa kwa mkono. Ningemwambiaje? Nikaamua kuiuza mashine kwa mtu wa Wiyoni mwenye uwanja mpana, nirudi kwenye tupa zangu.

Jioni ya siku ya pili akaniuliza, "Mbona husemi, Bwana?"

"Niseme nini, Bi? Nyumba si yangu."

Alinitazama kama niliyemtukania wazazi. "Miaka minane," akasema, basi. Akanipakulia chakula.

Kulipokucha nikawa narudi kutoka sala ya alfajiri, nikasikia nyundo. Ilikuwa nyundo yangu. Naijua sauti yake. Mke wangu alikuwa amejifunga buibui kiunoni, tindo mkononi, akibandua chokaa mahali pale penye kung'aa. Alikuwa akilia, na hakukosea pigo. Nikamshika mkono.

"Wacha, Bi. Mimi ni mgeni hapa. Mashine itapata pake."

"Mgeni?" Akautoa mkono wake. "Mgeni simvundii baraza ya babangu."

Nikalia na mimi, pale njiani, watu wakipita. Kisha nikachukua mtaimbo tukaivunja pamoja. Kila jiwe alilitia alama kwa makaa, kwa mpangilio wake, akayaweka yote chini ya ngazi.

Mgongo uliingia kabla ya adhuhuri. Mashine niliiunga katika chumba cha chini, nikiisawazisha kwa bakuli la maji lililowekwa juu ya reli. Nilipoijaribu, mguu wangu ulikuwa na pupa, mara mbio, mara unasita. Mke wangu alisogeza kigoda, akaweka mguu wake, uliozoea cherehani, na chuma kikaanza kuzunguka taratibu bila kukwama. Shafti yetu ya kwanza, ya mashua iliyotoka Mtangawanda, mimi nilishika kisu na yeye alikanyaga.

Wiki tatu baadaye nilikoroga chokaa, nikayatoa mawe chini ya ngazi. Alinipa moja moja kwa alama zake, nami nikayapanga kama alivyoyapanga fundi wa babake. Lilipobaki moja, akalizuia mapajani.

"Na siku ukitaka kuitoa mashine?"

"Haitoki," nikasema. "Nami sitoki."

Akaifuta alama ya makaa kwa ncha ya leso yake, akanipa jiwe.